Saint Petersburg Katika Majira ya Joto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utamaduni na Chakula

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wasafiri huyarudia kabla ya kwenda Saint Petersburg kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Agosti. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Jiji na majira yake

Saint Petersburg ni jiji la namna gani?

Ni jiji lililojengwa kwa amri. Tsar (mfalme wa Urusi) Peter Mkuu aliliasisi mwaka 1703 kwenye mdomo wa mto Neva, katika ardhi ya kinamasi, kwa sababu aliitaka Urusi iwe na bandari inayoelekea Ulaya Magharibi. Likawa makao makuu ya dola tangu 1712, na isipokuwa kwa miaka michache lilibaki hivyo hadi 1918. Waliojenga majumba yake wengi walikuwa mafundi na wasanifu kutoka Italia, Ufaransa na Uswisi, wakishirikiana na Warusi, ndiyo maana mitaa yake ya kati haifanani na ya Moscow. Jina lake limebadilika pamoja na historia: Petrograd mwaka 1914, Leningrad mwaka 1924, kisha jina la awali mwaka 1991. Wenyeji wengi hulifupisha na kuliita Piter.

Mwezi upi unafaa zaidi?

Anayefuata mwanga na aende Juni, na anayefuata chakula aende Julai au Agosti. Juni ndio wakati wa Usiku Mweupe (tazama swali linalofuata) na wa tamasha kubwa la Mariinsky, ukumbi wa baleti na opera, lakini ndio pia wakati ambapo vyumba vya hoteli ni ghali na foleni ni ndefu. Julai huleta stroberi, rasiberi na uyoga wa manjano uitwao lisichki, na mchana joto huwa kati ya nyuzi 18 na 25 hivi. Mvua hunyesha wakati wowote. Koti jepesi lisiloingia maji na viatu vya kutembelea ni vya lazima kuliko mwavuli, kwa kuwa upepo wa Ghuba ya Finland huugeuza mwavuli nje ndani.

Je, ni kweli kwamba usiku hauingii?

Usiku huingia, ila giza haliji. Jiji liko karibu na latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, na mnamo tarehe 21 Juni jua huzama takriban saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Katikati ya nyakati hizo anga hubaki na rangi ya lulu, na mtu anaweza kusoma gazeti dirishani bila taa.

Msafiri wa Afrika Mashariki ana faida moja hapa. Saa za Saint Petersburg ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo hahitaji hata kugusa mshale wa saa yake. Kinachomsumbua ni mwili, ambao umezoea jua kuzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Chagua chumba chenye mapazia mazito, na ujipangie saa ya kulala badala ya kungoja giza likuambie.

Siku ngapi zinatosha?

Siku tano kamili ni kiasi cha heshima, na saba ni bora. Pendekezo la ukurasa huu, ambalo majibu mengi yaliyo hapa chini yanalitegemea, ni kutazama jambo moja kubwa tu kwa siku, kula chakula cha mchana kwa kukaa kitako, kupumzika alasiri, kisha kutoka tena jioni wakati mwanga ni mpole na mabasi ya watalii yameondoka. Wanaoingia makumbusho matatu kwa siku moja huondoka wakiwa na picha nyingi kwenye simu na kumbukumbu chache sana.

## Kabla ya kusafiri

Je, nahitaji viza, na nikifika kuna taratibu gani?

Raia wengi wa Afrika Mashariki wanahitaji viza. Kwa kuwa orodha ya nchi zinazoruhusiwa kutumia viza ya mtandaoni hubadilika, uliza ubalozi wa Urusi ulio karibu nawe kabla ya kukata tiketi. Ukifika, mgeni hutakiwa kuandikishwa katika anwani anayokaa. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe, ila ukipanga nyumba ya mtu binafsi hakikisha mwenye nyumba amekubali kukuandikisha, tena kabla hujalipa.

Nitalipaje?

Kwa pesa taslimu. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za nje hazifanyi kazi Urusi, si kwenye mashine za kutolea pesa wala dukani. Beba dola au yuro zilizo safi, zisizochanika wala kuandikwa, na uzibadilishe kuwa ruble benki kidogo kidogo. Hoteli na tiketi ambazo unaweza kuzilipia ukiwa nyumbani, zilipie mapema kwa njia ambayo muuzaji mwenyewe ameithibitisha.

Simu na intaneti je?

Pakua ramani ya jiji na kamusi ya Kirusi zinazofanya kazi bila mtandao kabla hujaondoka. Facebook na Instagram zimefungwa nchini, na intaneti ya simu hukatwa mara kwa mara kwa sababu za kiusalama. Andika anwani ya hoteli yako kwa herufi za Kirusi kwenye karatasi, uiweke mfukoni.

Ni salama kwenda?

Swali hili linastahili jibu lisilopakwa rangi. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, serikali nyingi zimewaonya raia wao dhidi ya safari za Urusi, na uwanja wa ndege wa Pulkovo umewahi kusimamisha safari kwa saa kadhaa kwa sababu ya droni. Soma tahadhari ya wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, acha nafasi kati ya ndege moja na nyingine, na ujiepushe na mikusanyiko ya kisiasa na upigaji picha wa askari au vituo vya kijeshi.

Lipo jambo linalowahusu vijana wa Afrika hasa. Wapo walioahidiwa kazi nzuri Urusi wakajikuta wamesaini mkataba wa jeshi. Safari ya utalii isigeuzwe kuwa ya kutafuta ajira, na mtu yeyote asisaini karatasi ya Kirusi ambayo haijatafsiriwa na mtu anayemwamini. Kuhusu ubaguzi wa rangi, tazama sehemu ya mwisho.

## Makumbusho, majumba na jukwaa

Hermitage, makumbusho ya sanaa, ni kubwa mno. Nianzie wapi?

Anza kwa kukubali kwamba hutaimaliza. Malkia Catherine Mkuu aliianzisha mwaka 1764 aliponunua picha za mfanyabiashara wa Berlin, na leo hazina yake inapita vitu milioni tatu, ambavyo vingi haviko hata kwenye maonyesho. Hufungwa Jumatatu. Tiketi huuzwa kwa saa maalumu, na katika majira ya joto ni vyema kuchagua saa ya kwanza ya asubuhi.

Panda Ngazi za Jordan katika Jumba la Majira ya Baridi, lililosanifiwa na Bartolomeo Rastrelli, kisha nenda moja kwa moja kwenye chumba cha mchoraji Rembrandt kabla vikundi havijafika. Hapo ipo picha ya kurudi kwa mwana mpotevu. Simama karibu utazame nyayo za kijana aliyepiga magoti: mguu mmoja umetokwa na kiatu, kisigino kimechakaa kwa safari, na kiatu cha mguu wa pili kimebaki kipande. Kisha pandisha macho hadi kwenye mikono ya mzee mgongoni mwa mwanawe, uone kwamba mkono mmoja ni mpana na wenye nguvu, na wa pili ni mwembamba na laini. Robo saa mbele ya picha hii ina thamani kuliko kukimbia vyumba hamsini.

Baada ya hapo ziangalie picha mbili za Bikira Maria za Leonardo da Vinci, na ikiwa nguvu zimebaki, vuka uwanja uingie Jengo la Makao Makuu ya Jeshi, ambako kuna kazi za Monet, Gauguin na Matisse. Wenye busara huliwekea jengo hilo siku yake.

Je, niende pia Makumbusho ya Urusi?

Ndiyo, na kwa mtu anayetaka kuielewa Urusi yenyewe yanaweza kumfaa kuliko Hermitage. Yalifunguliwa mwaka 1898 katika Jumba la Mikhailovsky, na hufungwa Jumanne. Humo mna bahari kali za mchoraji Aivazovsky na picha kubwa ya Ilya Repin ya vibarua wanaovuta jahazi kwa kamba kando ya Volga. Msomaji wa pwani anayejua kazi ya kuvuta chombo nchi kavu ataitambua migongo ile mara moja.

Kati ya majumba ya kifalme ya nje ya jiji, Peterhof au Tsarskoye Selo?

Kama muda unaruhusu mahali pamoja tu, na ni majira ya joto, jibu ni Peterhof. Chemchemi zake zinatiririka kwa uzito wa maji tu, bila pampu: maji hutoka kwenye vyanzo vya nyanda za juu za Ropsha, umbali wa zaidi ya kilomita 20, yakashuka kwa mifereji iliyochimbwa zama za Peter mwenyewe. Asubuhi saa tano hufunguliwa kwa muziki, na katikati sanamu ya Samson huyapanua mataya ya simba, maji yakaruka mita 20 hivi kutoka kinywani mwake. Boti ya kasi kutoka gati la karibu na Hermitage huchukua chini ya saa moja, na kuingia Peterhof kutokea baharini ndiyo njia aliyoikusudia mjenzi. Wajerumani waliliharibu jumba hilo katika Vita Kuu ya Pili na Samson wa awali akatoweka; aliyepo sasa alisimikwa mwaka 1947.

Tsarskoye Selo, katika mji unaoitwa Pushkin, ndiko kuliko na Jumba la Catherine na Chumba cha Kaharabu, kilichojengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2003. Linafaa zaidi kwa siku ya mvua. Angalia siku za kufungwa kabla ya kwenda.

Kuna kitu chochote huko kinachohusiana na Afrika?

Kipo, na si kidogo. Aleksandr Pushkin, mshairi anayependwa kuliko wote Urusi, alikuwa kitukuu cha Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa utotoni kwenye kasri ya Peter Mkuu akakua hadi kuwa jenerali mhandisi. Pushkin alijivunia asili hiyo waziwazi na kuiandika. Nyumba aliyofia mwaka 1837 baada ya kupigwa risasi katika pambano la bastola, kwenye ukingo wa mto Moika namba 12, ni makumbusho tulivu yanayomalizika kwa muda wa saa moja.

Kunstkamera, makumbusho ya kwanza ya Urusi, yaliyoanzishwa mwaka 1714, yana mkusanyo wa vitu vya Afrika. Huko ndiko alikofanya kazi Dmitri Olderogge, mwanazuoni aliyefundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Leningrad na kusimamia kamusi ya Kiswahili na Kirusi. Usishangae sana, basi, ukisalimiwa "hujambo" na mzee mwenye miwani mbele ya kabati la vinyago.

Nitapataje kuona baleti au opera?

Ukumbi wa Mariinsky, uliofunguliwa mwaka 1860, ndipo ilipooneshwa kwa mara ya kwanza baleti ya Mrembo Aliyelala ya Tchaikovsky mwaka 1890. Tamasha lake la Nyota za Usiku Mweupe hufanyika tangu 1993, kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai. Nunua tiketi mapema kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe na si kwa walanguzi wa mtaani. Angalia pia jengo lililoandikwa kwenye tiketi, kwani ukumbi wa kale na jengo jipya la 2013 vinatazamana ng'ambo mbili za mfereji. Wenyeji huvaa vizuri. Kengele hulia mara tatu, na baada ya ya tatu milango hufungwa. Wakati wa mapumziko nenda kwenye bufee, ambako watu husimama wakila vipande vya mkate vilivyopakwa siagi na kuwekwa samaki juu yake.

Je, nitaingia makanisani nikiwa nimevaa vyovyote?

La. Katika makanisa ya Kiorthodoksi yanayofanya ibada, kama Kanisa Kuu la Kazan, wanawake hufunika kichwa na wanaume huvua kofia. Leso au mtandio wa kawaida unatosha. Kanisa la Mwokozi juu ya Damu, lililojengwa mahali Tsar Alexander wa Pili alipojeruhiwa na bomu hadi kufa mwaka 1881, huendeshwa kama makumbusho. Kuta zake zimefunikwa kwa takriban mita za mraba 7,000 za vigae vidogo vya rangi.

## Chakula

Wenyeji hula nini wakati wa joto?

Hula supu baridi. Okroshka ni tango, figili, viazi, yai na nyama iliyochemshwa, vyote vimekatwa vidogo, vikamwagiwa kvas (kinywaji cha mkate kilichochachushwa) au maziwa ya mgando, na juu yake kijiko cha smetana, yaani krimu chachu, na majani ya kiungo kiitwacho ukrop. Mgeni huona ajabu mara ya kwanza. Siku ya pili yenye jua huiagiza mwenyewe. Ipo pia supu baridi ya bitiruti, yenye rangi ya waridi iliyokoza.

Vyakula vya mwaka mzima ni borshi (supu ya bitiruti), pelmeni (vifuko vya unga vyenye nyama ndani), chapati nyembamba ziitwazo blini, uji wa nafaka iitwayo grechka wa kuambatana na nyama, na pirozhki, yaani mikate midogo yenye kabichi, samaki au yai ndani. Nyama ya Stroganov, vipande vya ng'ombe katika mchuzi wa smetana, ina jina la ukoo ambao jumba lake la waridi bado lipo kwenye barabara ya Nevsky.

Samaki wa jiji ni koryushka, mdogo kama kidole, ambaye akiwa mbichi hunukia tango. Hupanda Neva mwezi Aprili na Mei, na anayefika Julai huuziwa wa kugandishwa. Muulize mhudumu, atakuambia ukweli.

Pyshki ni nini, na kwa nini kila mtu anazitaja?

Ni maandazi ya mviringo yenye tundu katikati, yanayokaangwa papo hapo na kunyunyiziwa sukari ya unga. Mahali mashuhuri ni duka lililopo mtaa wa Bolshaya Konyushennaya tangu 1958, hatua chache kutoka Nevsky. Foleni hutoka nje lakini hutembea haraka. Mwanamke aliyevaa aproni huyachota kwa hesabu na kuyapanga kwenye sahani, mwingine hufungulia kahawa ya maziwa matamu kutoka kwenye birika kubwa la chuma, nawe hupewa vipande vya karatasi nyepesi vya kufutia vidole. Karatasi hizo hazizuii sukari kufika kwenye shati. Yaliwe yakiwa moto, hapo hapo. Yakipoa huwa mazito, na kuyabebea hotelini ni kuyadhulumu.

Nitakulaje vizuri bila kutumia pesa nyingi?

Tafuta neno "stolovaya", yaani kantini ambamo unasukuma sinia na kuonesha kwa kidole unachotaka, jambo linaloondoa tatizo la lugha. Siku za kazi mikahawa mingi huuza chakula cha mchana cha bei maalumu kiitwacho biznes-lanch, chenye supu, saladi na sahani kuu. Kwa matunda nenda soko la Kuznechny, jirani na nyumba aliyofia mwandishi Dostoevsky, ambako wauzaji hukupa kuonja kabla ya kununua. Nyama ya kuchoma iliyofungwa kwenye chapati, ambayo Moscow huitwa shaurma, hapa huitwa shaverma, na mwenyeji wa Piter hatakubali vinginevyo.

Ninakula halali. Nitapata chakula?

Utapata, kwa kuuliza. Pelmeni nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, kwa hiyo usizile bila uhakika. Mikahawa ya Wauzbeki, Waazabajani na Wadagestani ndiyo kimbilio. Plov ya Kiuzbeki, wali uliopikwa na kondoo, karoti na bizari nyembamba, ni ndugu wa damu wa pilau yetu. Uliza kama nyama ni "halyal", kwa kuwa si kila mkahawa wa Asia ya Kati unaizingatia. Kvas huchachushwa na huwa na kileo kidogo. Badala yake agiza mors, kinywaji cha matunda ya msituni, au kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa.

Kwa nini Warusi huheshimu mkate kiasi hiki?

Katika jiji hili jibu lina tarehe. Kuanzia 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944 majeshi ya Wanazi na washirika wao yaliizingira Leningrad, na katika majira ya baridi ya kwanza posho ya mkate kwa watoto na wasiofanya kazi viwandani ilishuka hadi gramu 125 kwa siku, tena mkate wenyewe ukiwa umechanganywa na vitu visivyoliwa. Mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Karibu nusu milioni wamezikwa katika makaburi ya Piskaryovskoye pekee.

Kwenye uwanja wa Mtakatifu Isaac ipo taasisi ya mimea yenye jina la Nikolai Vavilov. Wakati wa mzingiro wanasayansi wake walikaa kati ya magunia ya mchele, karanga na ngano waliyoyakusanya duniani kote kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kadhaa walikufa kwa njaa bila kuzigusa mbegu hizo, akiwemo aliyekuwa mtunzaji wa mchele. Ndiyo sababu mgeni anayebakiza vipande vya mkate mezani kwa mzee wa Petersburg anaweza kuona sura ya mwenyeji ikibadilika. Chukua unachoweza kumaliza.

## Usiku, na hali za pekee

Madaraja huinuliwa saa ngapi, na nikikwama je?

Katika msimu wa meli, kuanzia Aprili hadi Novemba, madaraja makubwa ya Neva huinuliwa usiku. Daraja la Kasri hufunguka takriban saa saba na dakika kumi usiku, na ratiba ya kila daraja hutangazwa. Ukiwa ng'ambo isiyo ya hoteli yako, utasubiri hadi karibu alfajiri, kwani metro nayo hufungwa karibu saa sita usiku. Panga makazi upande ule ule unaotarajia kutembelea usiku, na uangalie madaraja ukiwa ukingoni au kwenye boti.

Usiku wa Matanga Mekundu (matanga ya jahazi), sherehe ya wahitimu wa shule mwishoni mwa Juni, umati huwa mkubwa mno katikati ya jiji. Wenye watoto wadogo waufuatilie kutoka mbali.

Swala ya Isha na Alfajiri huwaje wakati giza haliingii?

Fuata ratiba ya Msikiti Mkuu, karibu na kituo cha metro cha Gorkovskaya, kwa kuwa maimamu wa huko wamekwisha kulishughulikia suala hili kwa hukumu inayofaa latitudo yao. Msikiti wenyewe, uliofunguliwa mwaka 1913, una kuba la samawati lililoigwa kaburi la mtawala Timur huko Samarkand, na ni pa kutembelea hata kwa asiyeswali. Kwa maelezo ya chakula, tazama swali la halali.

Mtu mweusi atapokewaje?

Mwanzoni mwa karne hii jiji lilikuwa na magenge ya wabaguzi, na wanafunzi wa Kiafrika waliuawa. Hali imepungua ukali, na wageni wengi wa sasa hukutana zaidi na macho ya kudadisi na maombi ya kupiga picha pamoja, ambayo una haki ya kuyakataa. Hata hivyo polisi wanaweza kukusimamisha zaidi kuliko wengine. Tembea na pasipoti na karatasi ya uandikishaji, rudi hotelini kwa teksi iliyoitwa kwa programu badala ya kutembea vitongojini usiku, na uwe na namba ya ubalozi wako ulioko Moscow.

Ninunue nini cha kurudi nacho?

Vyombo vya kauri vya kiwanda cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1744, hasa vyenye mistari ya wavu wa samawati, ni vya jiji hili kweli. Kikombe kimoja chenye kisahani kinatosha mkobani. Vitu vya kale, sanamu za kidini na picha zilizochorwa zamani huhitaji kibali cha kutoka nchini, na muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hizo asikuuzie kitu.